Pweto: wanamama wanaovuka ziwa Moero, usalama wao unategemea saa

Mwanamama wa Pweto anayeishi kwa biashara ya samaki ana njia mbili kubwa. Moja ni ya maji: ziwa Moero, ng'ambo yake ni Zambia, na upande wa kusini kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia hata kama kina jina moja na Kilwa ya upande wa Kongo. Nyingine ni ya udongo: barabara ya kushuka Lubumbashi kupitia Kilwa na Kasomeno, ambayo wakati wa mvua inaweza kumfungia mutu siku kadhaa juu ya mizigo ya kamio. Dhoruba, kamio kupinduka na majambazi vinawapata wote, mwanaume na mwanamke. Lakini kuna hatari zinazomtafuta mwanamke peke yake, na hizo hazizungumzwi sana bandarini, ila kwa sauti ya chini.

Kwenye intaneti kuna mashauri mengi kwa wanawake wanaosafiri kwenda visiwa vya Karibe kwa likizo: usiache kinywaji chako bila mulinzi, usitembee pwani peke yako usiku, mwambie rafiki mahali unapolala, chagua teksi inayojulikana. Ni mashauri mazuri, na mengine yanafaa hata hapa. Tofauti ni kwamba yule wa likizo anachagua: hoteli, saa ya kurudi, hata kuacha safari. Mwenye vikapu kumi vya chisense vilivyokwisha kulipwa hawezi kuacha safari. Akichelewa, samaki wanaharibika, na deni la likelemba linamngoja nyumbani.

Ukifuata safari moja tangu mwanzo hadi mwisho, unaona kwamba shida nyingi zinazaliwa na kuchelewa. Bwato lililotangazwa kuondoka asubuhi linaondoka saa sita au saa nane mchana, kwa sababu mwenyewe anangoja abiria na magunia zaidi. Linafika ng'ambo jua likizama. Ofisi za mpaka zimefungwa au karibu kufungwa. Wanaume wanajua pa kukaa, na wenye bwato wanalala ndani ya bwato. Wanamama wanabaki ufukweni na mizigo yao, bila mlango wa kufunga, kati ya watu wasiowajua, na kila mutu anayepita anajua kwamba wana makuta kwenye kitambaa kiunoni. Mwanamke yule yule, mahali pale pale, saa tano ya asubuhi hana shida.

Ziwa lenyewe halisaidii. Moero lina urefu wa kilomita zaidi ya 100, na upande wa Pweto, pale mto Luvua unapotoka kwenda kukutana na Lualaba, mawimbi yanaweza kuamka haraka. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unasumbua wasafiri. Wakati wa mvua ni dhoruba za mchana. Ndiyo maana wavuvi wazee wanapenda kuvuka mapema. Bwato linalochelewa kupakia linamweka abiria kwenye maji katika saa mbaya, kisha linamshusha nchi kavu katika saa mbaya zaidi.

Kongo imelipa bei kubwa kwa kuzoea mambo haya. Desemba 2014, MV Mutambala ilizama kwenye ziwa Tanganyika baada ya kutoka Kalemie, na watu 129 walipoteza maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi ilizama mbele ya Kituku, Goma, ikitoka Minova. Wengi walikuwa ndani yake kwa sababu vita ilifunga barabara. Aprili 2025 karibu na Mbandaka, HB Kongolo iliwaka moto, na habari za mwanzo zilisema moto ulianzia kwa mwanamke aliyekuwa anapika ndani ya bwato. Watu zaidi ya 140 walikufa. Wengi walisoma habari hiyo kama kosa la mpishi. Ingefaa kuuliza pia kwa nini abiria analazimika kupika karibu na mafuta: kwa sababu safari haina saa ya kufika inayojulikana.

Baada ya ajali ya ziwa Kivu ya Aprili 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wote wavae jile za kuokoa. Agizo lilikuwa sawa. Lakini kwenye bandari ndogo jile mara nyingi inageuka kuwa kitu cha kuonyesha wakati wa ukaguzi, kisha inarudishwa kwenye gunia. Na mwanamama aliyefunga mtoto mgongoni ana shida ambayo agizo halikuitaja: jile ya mutu mukubwa haimfungi pamoja na mtoto, na jile ya mtoto haipo. Anayetaka kuwa na uhakika analazimika kununua yake mwenyewe. Wanamama wengine wanafunga bido tupu la plastiki lenye kifuniko kizuri karibu nao. Si jile, lakini linaelea.

Halafu kuna barieri. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma nne tu za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: duane, yaani DGDA ya leo, OCC, DGM na huduma ya usafi wa mipaka. Mwanamama mwenye biashara ndogo anajua kwamba meza zinazomngoja mara nyingi zinazidi nne. Kila meza ya ziada inakula makuta, na zaidi ya makuta inakula muda. Kwa hiyo tozo haramu si jambo la uchumi peke yake. Anayesimamishwa mara tano anafika usiku, na asiye na makuta ya kulipa ndiye anayeambiwa angoje hadi wengine wote waondoke. Kuna pale ambapo neno “ngoja” linakuwa mwanzo wa ombi lingine.

Ombi hilo lina jina katika sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyobadilisha sheria ya adhabu, inaadhibu usumbufu wa kingono kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, na ubakaji kwa miaka 5 hadi 20. Mwanaume anayetumia cheo, kitisho au mamlaka yake kumlazimisha mwanamke hana ruhusa ya kusema kwamba alikubali kwa sababu hakupiga kelele.

Ubadilishanaji wa samaki na mwili haukuanzia Moero, wala haukubaki huko. Kwenye ziwa Victoria, upande wa Kenya, unaitwa jaboya: mvuvi anamuuzia samaki mwanamke aliyekubali kulala naye, wengine wanarudi na vikapu vitupu. Huko Nduru, karibu na Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kupata maboti yao wenyewe na kuajiri wavuvi, kundi lao likijulikana kama No Sex for Fish. Mwenye boti ndiye mwenye samaki, na mwenye samaki hapangiwi masharti. Mpango huo ulisifiwa sana duniani, lakini maboti yaliharibika moja baada ya lingine, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliwafukuza wakaaji wa kijiji hicho. Wanamama wa Moero wanaweza kujifunza mambo mawili hapo. Kumiliki chombo kunabadilisha nani anamwomba nani. Na chombo bila akiba ya kukitengeneza hakidumu.

Kwa Pweto hilo si ndoto ya mbali. Biashara ya chisense, samaki wadogo wanaokaushwa juani, iko sana mikononi mwa wanawake pande zote mbili za ziwa. Makundi ya likelemba na ya AVEC yanajua kukusanya makuta. Kinachokosekana mara nyingi ni kuamua kwamba sehemu ya akiba itumike kwa safari yenyewe: kukodi bwato zima kwa pamoja ili kundi lipange saa ya kuondoka, badala ya kila mmoja kulipa nafasi yake na kungoja mapenzi ya mwenyewe. Wanamama kumi wanaokodi pamoja wanaweza kusema: tunaondoka saa kumi na mbili, na magunia ni haya tu. Mmoja peke yake hawezi. Huenda bei ikapanda kidogo. Bei ya usiku mmoja ufukweni haiandikwi popote, lakini ipo.

Makuta yenyewe ni sehemu ya hatari. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimepunguza kitambaa kiunoni kwenye safari ya Lubumbashi, na hilo limesaidia. Kwenye mpaka bado lazima mutu awe na kwacha mkononi, na anayebadilisha pesa mbele ya watu ametangaza habari yake. Wenye uzoefu wanabadilisha siku moja kabla, wanagawa pesa kati ya watu wawili au watatu wa kundi, na hawasemi kiasi mbele ya shofere au mpiga kasia. Wanaacha pia nyumbani jina la bwato na la mwenyewe, na jina la mwenyeji wa ng'ambo. Jambo dogo, lakini mutu akikosekana ndilo linalowapa ndugu mahali pa kuanzia.

Mwenyeji huyo mara nyingi ni zao la vita. Desemba 2000, Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, maelfu walikimbilia Zambia, na wengi waliishi miaka katika kambi za Mwange na Kala. Mwaka 2017 watu wa Pweto na Moba walikimbia tena, na Zambia ikafungua makao ya Mantapala huko Nchelenge. Katika miaka hiyo watu waliolewa, wakazaa, wakapata majirani. Leo familia nyingi za Pweto zina mama mdogo, shemeji au rafiki wa kambini huko Chiengi au Nchelenge. Kulala kwa mutu wa namna hiyo ni ulinzi mukubwa kuliko kufuli ya nyumba ya wageni, na wanamama wanaoanza biashara bila ndugu ng'ambo ndio wanaoonekana haraka kwamba ni wageni. Makundi yanayopokea wanachama wapya yangefanya vizuri kuanza na swali hili: utalala wapi?

Ikiwa mabaya yamekwisha kutokea, saa zinaanza kuhesabiwa tena. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi baada ya ubakaji zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku 5. Kwa hiyo mahali pa kwanza ni kituo cha afya, hata kabla ya komisaria, na kama tukio limetokea Zambia, hospitali ya Zambia ya karibu ni bora kuliko kungoja bwato la kesho kutwa. Nguo zilizovaliwa zisifuliwe. Kuoga kunaweza kungoja hadi baada ya daktari.

Baada ya hapo kuna sheria, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Wazee wanakaa, mbuzi na makuta vinatajwa, mambo yanaisha “kwa upendo”. Sheria namba 06/019 ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba malipo ya faini ya mapatano hayazimi kesi ya ubakaji. Inataka uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi 1, na hukumu itoke ndani ya miezi 3. Kwa vitendo ni ngumu: kosa linalopita miaka 5 ya kifungo halihukumiwi na tribinali ya amani, linakwenda tribinali kubwa, na mshitakiwa akiwa mwanajeshi au polisi linakwenda kwa sheria ya kijeshi. Safari nyingine tena, kwa barabara ile ile. Lakini karatasi ya daktari iliyoandikwa siku ya kwanza haiozi, na kesi iliyochelewa bado ni kesi.

Kuna pia wale wanaosema dawa ni rahisi: mwanamke abaki nyumbani, mume wake asafiri. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa shughuli zake za kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Na hata bila sheria, hesabu ya nyumba nyingi za Pweto inajibu: ada ya shule, mafuta na dawa ya malaria vinatoka kwenye kile kikapu. Mume mwenye wasiwasi ana kazi nyingine anayoweza kufanya, kwa mfano kufika bandarini jioni na taa.

Kinachobaki kwa wakubwa wa territware si kikubwa sana kwa makuta. Ni kuandika saa ya mwisho ya kuondoka kwa kila bwato na kuisimamia. Kubandika ukutani majina ya huduma nne na bei zao, kwa Kiswahili. Kuweka banda lenye mlango na taa ambapo wanamama waliochelewa wanaweza kulala pamoja na mizigo yao. Na kuwa na askari polisi mwanamke kwenye zamu ya jioni. Upande wa Zambia maombi kama hayo yangeweza kupelekwa kwa wakubwa wa Chiengi na Nchelenge, ambao nao wana wanamama wao wanaolala upande wa Kongo.

Kila mwaka Zambia inafunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Katika miezi hiyo samaki wanakuwa wachache, bei inapanda, na wanaothubutu wanavuka usiku ili wasionekane. Ni miezi ya dhoruba pia. Mwezi wa Machi uvuvi ukifunguliwa, bandari inajaa siku moja, na nafasi ndani ya bwato inapiganiwa. Makundi yanayotaka kupanga saa yao wenyewe yanapaswa kuwa yamekwisha kuzungumza na wenye mabwato kabla ya siku hiyo.