Unafuu wa kifurushi na gharama ya faragha Bweranyange

KWA mkulima wa kahawa au ndizi aliyeko Bweranyange, yalikokuwa makao makuu ya Ufalme wa Karagwe enzi za Mukama Rumanyika, ushauri wa kuachana na kivinjari kinachobana data si jambo dogo. Maana yake ni kwamba kifurushi kilichokuwa kikitosha wiki nzima huenda sasa kikaisha kabla ya siku zake.

Hata hivyo, ushauri huo una msingi wake.

Kivinjari cha Opera Mini, kilichoanza kutolewa duniani kote Januari 2006, kilijipatia watumiaji wengi barani Afrika kutokana na namna kinavyofanya kazi. Ukurasa wa mtandao haumfikii mtumiaji moja kwa moja, bali huchukuliwa kwanza na kompyuta kuu za kampuni, zikaufungua na kuubana, kisha zikautuma kwenye simu ukiwa mwepesi. Kampuni imekuwa ikieleza kuwa njia hiyo inaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data.

Hapo ndipo penye utata, kwani kompyuta haiwezi kubana vizuri kile isichoweza kukisoma. Opera yenyewe ilikwisha kueleza kwamba ulinzi kamili wa maandishi ya siri, kutoka simu ya mteja hadi benki yake, hauwezekani katika ubanaji wa aina hiyo, na kwamba anayeuhitaji atumie kivinjari cha kawaida.

Hiyo haina maana kwamba siri za watumiaji zimevuja. Maana yake ni kwamba usalama wao unategemea uaminifu wa aliye katikati, na wamiliki hubadilika. Mwaka 2016, biashara ya kivinjari hicho chenye asili ya Norway iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China kwa takriban dola milioni 600 za Marekani.

Mifano ya uaminifu kuvunjwa kwingineko ipo. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, iliyojulikana kwa programu za kupunguza matumizi ya data, kisha ikatumia taarifa zake kujua washindani wanavyopendwa. Programu ya Onavo Protect iliondolewa katika duka la Apple Agosti 2018. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watu waliotumia zana zake wakidhani zinawalinda.

Waswahili husema rahisi ghali.

Lakini ni rahisi pia kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya ofisini kumwambia mwenzake wa Kagera aache. Machi 2022, Google iliondoa huduma ya kubana data katika Chrome kwa hoja kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Hoja hiyo haina uzito uleule kwa mtu anayenunua kifurushi cha siku kwa siku.

Kisheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi.

Tatizo ni kwamba ridhaa, ambayo ni nguzo ya sheria hiyo, mara nyingi hutolewa kwa kubonyeza kitufe chini ya maelezo marefu ya Kiingereza. Mtu hawezi kusemwa ameridhia asichokielewa.

Wakati hilo likisubiri ufumbuzi, ipo njia ya kati. Habari, matokeo ya mpira na bei za mazao vinaweza kuendelea kusomwa katika kivinjari kinachobana, kwa kuwa hakuna siri kubwa hapo. Masuala ya fedha, nywila, maradhi na barua binafsi yafunguliwe katika kivinjari cha kawaida, ambacho hakipitishi kurasa kwa mtu wa kati. Kurasa hizo ni chache, na gharama yake inaweza kuvumilika.

Faragha isiwe bidhaa ya mwenye fedha peke yake. Jukumu la kuhakikisha hivyo ni la Tume na kampuni za simu, kabla ya kumwangukia mkulima.