Fumbo la Maneno Si Mapumziko ya Mwalimu

Mwanafunzi mpenzi wa Kiswahili, huenda umewahi kupewa darasani karatasi yenye miraba iliyojaa herufi zilizovurugwa, ukaambiwa utafute humo maneno kumi na kuyazungushia duara. Ukamaliza, ukafurahi, naye mwalimu akajipatia dakika 20 za kupumzika. Nakuuliza: ulijifunza nini? Jicho lako lilitafuta umbo la neno, likaliona, likapita. Mkono wako haukuandika hata herufi moja. Karatasi za namna hiyo ndizo zilizolitia doa fumbo la maneno, hata wapo walimu huku kwetu, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, wanaolidharau na kuliita mchezo wa watoto. Nawapinga wote, anayelitumia ovyo na anayelikataa.

Fumbo ninalolitetea ni lile lenye miraba mitupu. Mwanafunzi hupewa orodha ya maneno, naye hupaswa kulipata kila neno mahali pake, mlalo au wima, kwa kuhesabu herufi na kutazama zinapokutana. Pale maneno yanapokutana, herufi moja hutumikia maneno mawili. Ukikosea tahajia ya neno moja, jirani yake hukataa kuingia. Hakuna haja ya mwalimu kukuzomea.

Sasa tazama hali yetu. Mtoto wa Palma, wa Mocímboa da Praia au wa Ibo hufundishwa kusoma kwa Kireno. Majina ya miji na visiwa vyake ameyaona yameandikwa Quissanga, Quirimba, Quionga, ingawa masikio yake yanasikia Kisanga, Kirimba, Kionga. Basi akiambiwa aandike "kitabu", mkono wake huandika "quitabu". Akiambiwa "shule", huandika "xule". Si ujinga huo. Ni uaminifu kwa kanuni alizofundishwa, ila kanuni hizo ni za lugha nyingine. Mwalimu anaweza kuchora mistari myekundu mwaka mzima, na mtoto asielewe kwa nini. Mpe miraba sita ya "kitabu". Herufi saba za "quitabu" hazienei. Ameona mwenyewe.

Kwa sababu hiyo siungi mkono walimu wenzangu wanaoziweka "sh" na "ch" katika mraba mmoja kwa hoja kwamba kila moja ni sauti moja. Hoja yao ni nzuri kwa mwanaisimu, lakini kwa darasa letu ni mtego. Ukilipa neno "shule" miraba minne, "xule" itaingia bila kugonga mlango. Lipe mitano.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Neno "nyumba" lina herufi sita, na "nhumba" ya mwanafunzi aliyezoea Kireno nayo ina sita. Hapo mwalimu hana budi kutumia akili: aifanye herufi ya pili kuwa mwanzo wa neno la wima "yai". Mwenye "nhumba" ataletewa "hai", neno zuri kabisa, ila halimo katika orodha. Atarudi nyuma mwenyewe na kuifuta ile h.

Lipo tatizo zito zaidi, ambalo mafumbo yanayochapwa na mashine hayalijui kamwe. Kimakhuwa, ambacho wengi katika mkoa wetu wamekinyonya pamoja na maziwa ya mama, hakina b, d wala g kama zilivyo katika Kiswahili. Kwa hiyo msemaji wake huweza kuandika "pata" akikusudia bata, na "pahari" akikusudia bahari. Ukiyakutanisha maneno hayo mawili kwenye herufi ya kwanza, kosa moja litalilinda jingine. P itatosha kotekote, na mtoto ataondoka akiamini amepatia. Dawa yake ni orodha inayoweka maneno pacha bega kwa bega, yaani baba na papa, bata na pata, goti na koti, kisha miraba iliyopangwa ili kila moja liwe na mahali pamoja tu. Hapo ndipo atakapong'amua kwamba baba yake si samaki.

Jambo jingine: karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu. Anayetunga fumbo kwa uvivu huyakutanisha maneno kwenye a, kwa kuwa a hupatikana kila mahali. Mkutano wa aina hiyo haupimi kitu, maana tahajia zetu haziharibikii kwenye a. Zinaharibikia kwenye konsonanti, na huko ndiko maneno yapaswa kukutana.

Wapo watakaoniambia: "Mwalimu, tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na yale ya Palma ya Machi 2021, watu wamehama, shule zimefungwa, madarasa yamefurika wageni wasio na vitabu. Wewe unaleta michezo?" Ndiyo, naleta. Fumbo halihitaji kitabu. Linahitaji ubao na chaki, na chaki ikikosekana, mchanga na kijiti. Darasa lisilo na vitabu ndilo linalolihitaji kuliko lenye rafu zilizojaa.

Wengine husema kuwa anayejua Kimwani hana haja ya kufundishwa tahajia ya Kiswahili, kwani ni mlemle. Si mlemle. Kimwani ni lugha kamili yenye heshima yake, nayo imo miongoni mwa lugha zinazotumika katika elimu ya lugha mbili nchini. Ukaribu wake na Kiswahili humsaidia msikilizaji. Mwandishi hapati msaada huo, maana sikio halimwambii kama ni k au q.

Na usidhani kwamba haya ni mambo ya mtihani tu. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Ng'ambo ya Ruvuma ndiyo lugha ya soko, ya zahanati na ya ofisi ya serikali. Raia anayeandika barua ya malalamiko yenye tahajia mbovu huchekwa kabla ya kusomwa, na anayechekwa hasikilizwi. Sipendi iwe hivyo. Lakini ndivyo ilivyo, na mwalimu anayekuficha jambo hilo kwa jina la huruma anakuonea.

Chukua daftari lako sasa. Chora mstari wa mlalo wa miraba minne. Kutoka mraba wa tatu, teremsha neno la herufi nne. Mraba wake wa mwisho uwe pia mraba wa mwisho wa neno jingine la mlalo, la herufi nne vilevile. Kutoka mraba wa tatu wa neno hilo, teremsha neno la herufi tano. Miraba yote ni 14, na mkutano mmoja kati ya mitatu ni wa irabu; nimeuacha makusudi ili uone jinsi usivyokusaidia. Maneno ni haya: kula, kura, lugha, raia. Utakaloanza nalo juu ni lipi, na kwa nini haliwezi kuwa jingine?