Baridi ya Hombolo
Anayedhani Dodoma ni jua na vumbi tu aende Bwawa la Hombolo mwezi wa saba, alfajiri, akiwa na shati moja. Bwawa lile, lililojengwa mwaka 1957 kwenye Mto Kinyasungwe Ndogo, kaskazini-mashariki mwa mji, hupigwa na upepo mkavu, na mvuvi anayepandisha nyavu vidole humfa ganzi hata kumchomoa perege mmoja kwenye jicho la wavu ikawa shughuli. Perege mwenyewe wakati huo hana hamu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hula kidogo, huacha kuzaa na hukimbilia kina. Kambale ndiye anayeweza kugusa chambo usiku, tena kwa uvivu. Ubaya huingia hapo. Samaki wakiadimika bei hupanda, na mwenye tamaa hutandaza kokoro, zana iliyopigwa marufuku, akasomba ukingoni hadi vifaranga vya ukubwa wa kidole. Utetezi wake naujua: watoto lazima wale. Sawa, lakini vifaranga hivyo vikiachwa, mvua za Desemba zitavikuta vimekua na maji yamepata joto la kuzalia. Tena bwawa lenyewe linajaa tope linalosombwa kutoka mashamba ya juu, kina kinapungua, samaki anakosa pa kujificha. Kwa kipupwe, ndoano na wavu wa macho makubwa vinatosha, na wenye dhamana ya kulinda bwawa wakamate makokoro yote, hata la shemeji.