JAVA_HOME iko teminali, kwenye menyu haipo

Jumamosi kijana wa jirani alinijia na laptopu yake, amenuna. Alikuwa ameshafuta Linux mara moja na kuiweka upya, na sasa alitaka kuifuta tena. Akiandika echo $JAVA_HOME kwenye teminali, jibu ni sahihi. Akibonyeza ikoni ya programu yake ya kuandikia msimbo, inalalamika kwamba haioni Java.

Jamani, hakuna kilichoharibika! Programu hurithi vigeu vya mazingira kutoka kwa ile iliyoizindua. Yeye aliweka export yake ndani ya .bashrc, faili ambayo bash huisoma unapofungua teminali. Menyu haikuzaliwa na teminali, sasa itarithi nini?

Ukiuliza utaambiwa utumie .profile. Sawa, lakini ukiwa pia na .bash_profile, bash husoma hiyo na kuiruka .profile kimyakimya. Mwingine atakutajia .pam_environment, ambayo Linux-PAM ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaachwa. Na wenye Mac msitucheke: environment.plist yenu ilikoma kusomwa na toleo la 10.8, mwaka 2012.

Msimamo wangu ni huu: tuache kuwapa wanaoanza .bashrc kama dawa ya kila ugonjwa. Kama mfumo wako una systemd, na unatumia GNOME ya kuanzia 3.34 au KDE Plasma ya kuanzia 5.25, tengeneza folda ~/.config/environment.d. Ndani yake weka faili, tuseme java.conf, yenye mstari mmoja:

JAVA_HOME=/opt/jdk

(Njia iwe ya mahali Java yako ilipo.) Usiandike export, hii si sheli. Kisha toka kwenye akaunti yako uingie upya. Kufunga dirisha hakutoshi. Ikikataa bado, zima mashine uiwashe.

Njia hii ina mapengo. Ukiingia kwa ssh usitegemee kukuta kigeu hicho, na walio FreeBSD hawana systemd kabisa, wao wabaki na .profile au .xsession. Lakini kwa mtu anayebonyeza ikoni, ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kijana alitoka, akaingia, programu ikafunguka. Akaniuliza kwa nini maelezo aliyofuata hayakusema hivyo tangu mwanzo. Nilibaki kucheka tu, maana miaka mingi mimi mwenyewe nimewaambia watu .bashrc.