Shangazi na Paka Wake Watatu

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakueleza neno lo lote juu ya mgeni ajaye na kikapu kilichofungwa kamba, na ndani ya kikapu hicho zasikika sauti za paka. Wengine watacheka wasikiapo maneno haya. Hata hivyo ni jambo liwezalo kuvunja udugu, na mfano wa nyumba moja ya mji wa Isiolo watosha kulieleza.

Mwenye nyumba ni karani, mkazi wa mtaa wa Bulla Pesa. Shangazi yake, mjane asiye na mtoto, aliishi Merti karibu na mto Ewaso Nyiro. Mama huyu ndiye aliyeuza mbuzi wake mwaka hata mwaka ili kijana yule apate karo ya shule. Ukaja ule ukame wa mwaka 2020 hadi 2023. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Kenya ya kaskazini, na mifugo ikafa kwa wingi. Ng'ombe wa shangazi walikwisha wote; mbuzi wachache waliosalia wakauzwa. Hatimaye karani alimpelekea habari, akisema, "Shangazi, njoo ukae kwetu. Chumba kiko tayari." Akakubali. Siku aliposhuka garini alikuwa na bahasha ya nguo mkono mmoja, na mkono wa pili kile kikapu.

Mke wa karani alikuwa mja mzito wa miezi mitano. Alimpokea mgeni kwa heshima zote, akamwandalia maji ya kuoga na chai ya maziwa. Lakini usiku alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Mama ni mama yetu, na akae hapa siku zake zote. Lakini paka watatu, na mimi katika hali hii? Nimesikia ya kwamba paka huleta madhara kwa mimba." Karani hakuwa na jibu. Akafikiri awachukue paka wale alfajiri, awaache kule machinjioni, kisha aseme ya kwamba wametoroka. Wenye nyumba wengi hufikiri hivyo, maana ndiyo njia nyepesi.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Kulipopambazuka shangazi alikuwa ameketi kibarazani, kikapu kipo miguuni pake. "Mwanangu," akasema, "nitafutie gari la kurudi Merti. Sikukasirika. Ng'ombe walipokwisha, hawa tu ndio waliokuwa wakiningoja asubuhi. Siwezi kuwatupa, wala siwezi kumtia mkeo hofu." Hapo karani akaona haya kwa mawazo yake ya usiku. Alitambua ya kwamba kumpokea mzee na kukitupa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho ni kumpokea nusu tu. Akamwomba angoje siku saba.

Mji wa Isiolo wenyewe una habari ya zamani inayofanana na hii. Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, Bwana Nyama wa upande wa kaskazini aliyekuwa na makao yake Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta ya kwamba mnyama huyo alikuwa ameficha watoto watatu wachanga katika majabali. Akawachukua, akampelekea mkewe, Joy. Simba ni wa jamaa ya paka, na watoto wale walifanya kama paka wafanyavyo katika nyumba ngeni: siku mbili za kwanza walikataa maziwa. Palikuwa na mnyama mwenyeji katika nyumba hiyo, pimbi aliyeitwa Pati, ambaye badala ya kuwaonea wivu alikuwa kama yaya wao. Mtumishi mmoja, jina lake Nuru, alipewa kazi ya kuwaangalia. Walipokua kidogo, wenye nyumba walikiri ya kwamba simba watatu wamezidi uwezo wao. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Akabaki mmoja, ndiye Elsa, ambaye baadaye alifundishwa kuwinda na kurudishwa porini, na habari zake zikaandikwa katika kitabu cha mwaka 1960 kilichosomwa katika nchi nyingi. Elsa alikufa Januari 1961 kwa babesia, ugonjwa uletwao na kupe.

Paka wa shangazi si simba, lakini maswali ya nyumba ile ya Bwana Nyama ndiyo maswali ya kila nyumba. Nani atawatunza? Nyumba yaweza kubeba wangapi? Na maradhi yatazuiwaje?

Karani alianza na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo lililomwogofya mkewe. Wakaenda pamoja kliniki ya wajawazito. Muuguzi hakumcheka mama yule, wala hakumwambia ya kuwa hofu yake ni upuzi. Alieleza ya kwamba kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi. Kwa muda wa wiki chache mayai ya kijidudu hicho hutoka pamoja na mavi ya paka. Mama akiambukizwa mara ya kwanza wakati wa mimba, mtoto aliye tumboni aweza kudhurika kweli. Lakini mayai hayo yakitoka hayawezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku moja au zaidi. Kwa hiyo mavi yakiondolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mja mzito, hatari hupungua sana. Tena watu wengi hukipata kijidudu hicho katika nyama isiyoiva, katika mboga zisizooshwa na katika udongo wa shamba. Basi hata mama asiye na paka yampasa kuosha mikono, kuosha mboga na kuivisha nyama.

Shangazi aliposikia hayo alisema, "Kazi hiyo ni yangu." Tangu siku ile huamka mapema, akasafisha sanduku la mchanga lililowekwa nyuma ya nyumba, akafukia uchafu mbali na bustani, akanawa mikono kwa sabuni. Paka hupewa nyama iliyopikwa, wala hawapandi juu ya meza ya chakula. Na neno lilikwisha kupita ya kwamba mtoto akizaliwa, paka hawatalala kitandani pake.

Safari ya pili ilikuwa kwa daktari wa mifugo. Watu wengi wa Isiolo humjua afisa huyu kwa habari za ng'ombe na ngamia, wasikumbuke ya kwamba paka naye huchanjwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa haumpati mbwa peke yake; paka huupata, naye akimwuma mtu humwambukiza. Dalili za ugonjwa zikianza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na chanjo ya wanyama wa nyumbani ndiyo nguzo ya kazi hiyo. Mtu akiumwa au akiparuzwa na mnyama asiyeaminika, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingojee kuona kama mnyama atakufa.

Daktari aliwaonya pia juu ya mambo mawili ambayo wafugaji huyakosea. La kwanza, mtu amwonapo paka ana kupe au viroboto hufikiri ampake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kwa paka, hata zikiwa kidogo. La pili, mwenye kuweka sumu ya panya nyumbani na akafuga paka huenda akaua mlinzi pamoja na mwizi, kwa kuwa paka akila panya aliyekula sumu aweza kufa naye.

Tena akashauri paka wahasiwe. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi mitano au chini ya hapo, na mimba yake huchukua miezi miwili tu; paka watatu wa leo ni kumi na zaidi kabla ya mwaka kwisha. Iko sababu nyingine kwa nchi ya Isiolo. Paka-mwitu, ndugu wa porini wa paka huyu wa nyumbani, angali anaishi katika mbuga za Afrika, nazo mbuga za Buffalo Springs na Shaba hazi mbali na mji. Paka wa mjini wakizurura porini huzaana naye, na damu yake ikachanganyika hata kizazi chake halisi kikapungua.

Kuhusu makao, paka walikaa wiki ya kwanza katika chumba cha shangazi, mlango umefungwa, pamoja na shuka yake ya zamani yenye harufu waliyoizoea. Mmoja alijificha chini ya kitanda siku nzima asile kitu. Shangazi alimwacha, akamwekea chakula karibu, na usiku akala. Lakini paka akikataa chakula zaidi ya siku mbili, na apelekwe kwa daktari. Hawakufunguliwa nje mpaka wiki tatu zilipopita, kwa maana paka mgeni akiachwa mapema huondoka kutafuta nyumba ya zamani, akapotea.

Likabaki swali la idadi. Karani alihesabu mshahara wake, akahesabu na mtoto ajaye, kisha akamwambia shangazi ukweli: nyumba yaweza kuwalisha wawili. Hakuamua kwa siri wala hakuwatoa usiku. Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akachagua mwenyewe. Yule dume mwindaji mkubwa alipewa jirani mwenye duka la nafaka, aliyekuwa akisumbuliwa na panya katika magunia ya mahindi. Duka lenyewe li hatua chache tu, na shangazi hupita hapo kila aendapo sokoni. Mke wa karani ndiye aliyempeleka mara ya kwanza, akimshika mkono.

Waislamu wa Isiolo hufundishwa ya kwamba paka si najisi, na ya kwamba kumfungia paka bila chakula ni dhambi kubwa. Lakini hata asiye wa dini hiyo aweza kufuata utaratibu wa nyumba ile: kuuliza wajuao kabla ya kukataa, kugawana kazi, kuchanja, na kusema wazi idadi iwezekanayo. Mwenye kupokea jamaa na azipokee pia huzuni zake na vitu vyake vidogo, kwa kipimo cha uwezo wake, bila hila. Methali yasema, paka wa nyumba haingwa. Na shangazi aliyeuza mbuzi zake kwa ajili ya karo alikuwa wa nyumba ile zamani, kabla nyumba yenyewe haijajengwa.