Bwati ya gari ishuke mara moja tu



Wiki hii tuongee juu ya ambreyaji ya gari. Wengine watasema hiyo ni kazi ya wanaume. Lakini taksi ya nyumba ikisimama siku nne, ni mama anayetafuta cha kupika. Na mekanisiye akija kufungua gari katika parseli, anaifungua pale pale watoto wanapocheza. Basi jambo hili ni letu pia.

Hapa Bukavu ambreyaji inachoka mbio kwa sababu ya milima. Shofere akishikilia gari kwenye kilima kwa pedali ya ambreyaji, badala ya freni ya mkono, diski inajisugua mpaka inaungua. Dalili yake ni hii: motere inalia kwa nguvu lakini gari haipandi, na mnasikia harufu ya kuungua.

Kabla ya kutoa pesa, muombe shofere ajaribu hivi. Gari iwe pahali pa sawa, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Avute freni ya mkono kabisa, aingize vitesi ya tatu, akanyage mafuta kidogo, kisha aachilie ambreyaji polepole. Motere ikizimika, ambreyaji ingali inashika. Ikiendelea kuzunguka, imeisha. Lakini kama shida ni vitesi kukataa kuingia, kwanza waangalie kamba ya ambreyaji au maji yake. Mara nyingine ubaya uko hapo, na bwati haina haja ya kushuka.

Ikiwa lazima ishuke, ishuke mara moja tu. Kinachokula siku nzima si kubadilisha diski, ni kushusha bwati na kuirudisha. Kwa hiyo musikubali kununua diski peke yake. Nunueni vitatu pamoja: diski, plato inayoibana, na bute, ile rulema inayosukuma plato. Ukiokoa pesa ya bute leo, ikianza kulia baada ya miezi miwili utalipa kazi yote upya. Muulize fundi pia kama mafuta ya motere yanavuja nyuma. Yakivuja, abadilishe jwen yake siku hiyo hiyo, maana mafuta yakifika kwenye diski mpya, itateleza kama ile ya zamani. Mwende sokoni na diski ya zamani mkononi, mulinganishe upana na hesabu ya meno ya katikati.

Sasa tuje kwenye hatari. Kriki ni ya kuinua gari, si ya kuishikilia. Kriki ikiteleza, gari inamwangukia aliye chini. Fundi asiingie chini mpaka gari imekaa juu ya shandeli za chuma, kwenye udongo mgumu na wa sawa, na magurudumu yanayobaki chini yamezuiliwa kwa mawe au mbao. Tofali na bloki za simenti zinapasuka bila kutoa onyo. Mama, hata kama ni bwana yako au kijana yako, mukatalie. Aondoe pia waya wa batri kabla ya kuanza.

Bwati ya gari ndogo inaweza kupita kilo 30. Wawe watu wawili, na kriki nyingine iwe chini yake kuibeba. Wakati wa kuirudisha, diski inapaswa kuwa katikati kabisa, na bwati isiachwe ining'inie juu yake, maana diski itapinda. Boloni za plato zinafungwa kidogo kidogo, kwa kuvuka upande huu na ule. Mtu akilazimisha bwati kuingia kwa kukaza boloni, anaweza kuipasua.

Kuna vumbi jeusi ndani ya ambreyaji. Katika diski za zamani linaweza kuwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Wasilipulize kwa kinywa wala kwa pompi; walipanguse kwa kitambaa chenye maji. Watoto wakae mbali mpaka kazi iishe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto mchanga. Mafuta ya bwati yaingie kwenye bidoni, yasimwagwe kwenye mfereji.

Mupatane bei ya kazi mbele, muiandike kwenye karatasi, na museme wazi kwamba vyuma vya zamani vitabaki nyumbani. Hivyo mtaviona kwa macho na kujua kweli vilibadilishwa. Msimalizie malipo kabla gari haijapanda mlima ikiwa na mzigo.

Kisha shofere aambiwe: mguu usipumzike juu ya pedali, na kwenye kilima atumie freni ya mkono. Vikundi vyenye gari vya kubeba mihogo na ndizi viweke kisanduku kidogo cha ambreyaji kila wiki, pembeni ya likelemba. Siku itakapoisha, na siku hiyo itakuja, hamtakimbilia kukopa, wala hamtamwambia fundi aweke diski peke yake.