Mbege Nayo Ipewe Heshima Yake

Hivi karibuni, katika mkahawa mmoja mjini Moshi, nilionja kwa mara ya kwanza bia ya Ubelgiji iitwayo Westmalle Tripel. Hutengenezwa katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki. Ina kileo cha asilimia 9.5 na uchungu wa maua ya hopi. Ni bia nzuri, wala sina haja ya kuibeza.

Lakini, ndugu msomaji, katika mkahawa huo uliopo chini ya Mlima Kilimanjaro, mbege haikuwapo! Wachagga huipika kwa ndizi mbivu na ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu kama hopi inavyoipa bia. Wabelgiji wameuenzi utamaduni wao wa bia hata UNESCO ikauorodhesha mwaka 2016 katika urithi wa binadamu. Sisi tumeiachia mbege vilabuni, kisha tunaiita pombe ya kishamba. Hiyo ni kasumba.

Kweli, mbege huchachuka upesi. Basi wataalamu wetu washirikiane na wapishi wake kuhakikisha usafi, kupima kileo na kuihifadhi katika chupa. Mgeni akaribishwe, lakini mwenyeji asilazwe nje.